Usichague shule kwa alama za watoto wanane

CHEMA chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Siku hizi, msomaji mpendwa, hata chema hujitembeza. Ondoka katikati ya jiji la Nairobi kwa barabara ya Ngong, pita Dagoretti Corner, pita uwanja wa mbio za farasi na msitu, hadi uingie mtaa wa Karen. Tupia macho nyua za michongoma na makutano ya barabara. Shule za kibinafsi zimetundika mabango. Hili linajivunia kidimbwi cha kuogelea, lile linajivunia basi jipya, na la tatu limeandika kwa herufi kubwa kubwa wastani wa alama zake katika mtihani wa KCSE.

Ni hilo la tatu ninalotaka tulizungumzie leo. Mzazi akiliona, moyo humdunda. Anapiga hesabu ya karo na kuona itambidi achukue mkopo wa sacco, au auze kile kishamba cha mashambani. Yuko tayari kujinyima miaka kadhaa kwa sababu ya tarakimu moja iliyo kwenye bango. Lakini swali moja halimjii: wastani huo umetokana na watahiniwa wangapi?

Swali hilo ni ndugu wa tumbo moja na lile linalowatoa jasho wanafunzi wa vyuo vikuu wanapoandika miradi yao ya utafiti katika elimu na saikolojia: sampuli yangu iwe ya watu wangapi? Mzazi aliye mbele ya bango na mwanafunzi aliye mbele ya msimamizi wake wana shida moja. Tuitatue pamoja.

Tupige hesabu

Katika KCSE, gredi ya A ina pointi 12 na E ina pointi 1. Chukua shule mbili za mfano, si za kweli. Ya kwanza ina watahiniwa 8, ya pili ina 200. Zote mbili zina wastani wa pointi 8, yaani B-. Sasa tuseme katika kila shule mtoto mmoja aliyekuwa wa kupata B+ ameugua wakati wa mtihani akaambulia D+. Pointi 6 zimekwenda na maji.

Katika shule ya watahiniwa 200, wastani umeshuka kwa pointi 0.03. Hakuna atakayegundua. Katika shule ya watahiniwa 8, wastani umeshuka kwa pointi 0.75. Shule imetoka B- ikaangukia C+. Wazazi watakutana, mwalimu mkuu atatakiwa kujieleza, na pengine mwalimu wa hesabu atafutwa kazi. Kisa na maana? Malaria ya mtoto mmoja.

Mwaka unaofuata mambo huenda yakageuka. Akija kipanga mmoja, shule inaruka juu, bango jipya linachapishwa na karo inapandishwa. Walimu ni wale wale na vitabu ni vile vile.

Wataalamu wa takwimu wana kanuni ya jambo hili. Kuyumba kwa wastani hupungua kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi. Kwa maneno mepesi, ukitaka wastani uyumbe nusu ya unavyoyumba sasa, haitoshi kuongeza watoto maradufu. Sharti uwaongeze mara nne. Katika mfano wetu, 200 ni mara 25 ya 8, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kwa hivyo, kwa bahati tu, wastani wa ile shule ndogo utayumba mara tano zaidi ya wastani wa ile kubwa.

Juu ndogo, chini ndogo

Tangu KCPE ilipoanza mwaka 1985 hadi ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, siku ya matokeo ilikuwa sikukuu katika nyumba nyingi. Kwa miaka mingi magazeti yalichapisha orodha za shule bora, hadi Wizara ya Elimu ilipotangaza mwaka 2014 kwamba shule na watahiniwa wasipangwe tena kwa nafasi. Wengi wetu twakumbuka jinsi shule ndogo za kibinafsi zilivyojitokeza juu ya orodha hizo. Sisemi zilibahatisha. Nyingi zilikuwa na walimu hodari, na wazazi waliojaaliwa. Ninachosema ni kwamba udogo wenyewe husaidia kufika kileleni, na udogo huo huo husaidia kufika mkiani.

Huko Marekani, mtaalamu wa takwimu Howard Wainer alichunguza alama za shule 1,662 za jimbo la Pennsylvania. Kati ya shule 50 zilizoongoza, 6 zilitoka katika kundi la shule 50 ndogo kabisa. Hiyo ni mara nne ya idadi ambayo ungetarajia. Watu wangeshangilia na kusema, kumbe udogo ndio dawa! Lakini Wainer alitazama na mkiani. Kati ya shule 50 za mwisho, 9 zilitoka katika kundi lile lile la shule ndogo.

Wakati huo, wakfu wa tajiri Bill Gates ulikuwa umemwaga mamilioni ya dola kwa mamia katika mpango wa kuanzisha shule ndogo na kugawanya shule kubwa. Miaka michache baadaye wakfu huo ulielekeza fedha zake kwingine. Ikiwa tajiri wa aina hiyo na washauri wake wote waliweza kuvutwa na kilele wakasahau mkia, mimi na wewe tuna haja ya kujihadhari.

Akili zetu zilivyo

Kwa nini tunanaswa? Wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walilifanyia utafiti swali hili mapema miaka ya sabini. Fumbo lao, kwa mazingira yetu ya Nairobi, ni kama hivi.

Kuna hospitali mbili. Katika ile kubwa, tuseme mfano wa Pumwani, huzaliwa watoto 45 kwa siku. Katika zahanati moja ndogo huzaliwa 15. Karibu nusu ya watoto wote wanaozaliwa ni wavulana, lakini kuna siku wavulana huzidi asilimia 60. Kwa mwaka mzima, siku za namna hiyo zitakuwa nyingi wapi?

Simama kidogo msomaji, ujibu mwenyewe kabla ya kuendelea.

Kati ya wanafunzi 95 wa chuo kikuu walioulizwa, 53 walisema hakuna tofauti. Waliobaki waligawanyika nusu kwa nusu. Jibu sahihi ni zahanati ndogo. Ukipiga hesabu, utapata yapata siku 55 kwa mwaka katika zahanati na siku 25 tu katika hospitali kubwa. Na hao walikuwa wasomi! Kahneman, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alionyesha pamoja na mwenzake kwamba hata watafiti waliobobea huamini sampuli ndogo kupita kiasi.

Sisi Waswahili tumeongeza chumvi kwa methali. Twasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa tenga la samaki, sawa. Kwa shule, kabila au mtaa, methali hiyo ni hakimu mbaya.

Sufuria ya githeri

Hebu tuingie jikoni. Sufuria ina githeri, nusu mahindi na nusu maharagwe. Chota punje nne. Mara moja katika kila mara nane utapata punje zote za aina moja, na mgeni asiyejua atakuapia kwamba umepika mahindi matupu au maharagwe matupu. Chota punje kumi, na jambo hilo litatokea mara moja tu katika mara 512. Hiyo ndiyo nguvu ya idadi.

Lakini mpishi anajua jambo la pili: kabla ya kuonja, koroga. Maharagwe yakiwa yamelala chini, hata ukichota bakuli zima la juu utadanganyika. Tuseme mwanafunzi anataka kujua watoto wa Karen hutumia saa ngapi kwenye simu. Akihoji watoto 500 wa majumba yenye bustani za ekari nzima, asiwahi kukanyaga Kuwinda, kile kijiji cha mabati kilicho papa hapa Karen, ana sampuli kubwa ya kitu kingine.

Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilipata majibu ya watu zaidi ya milioni mbili, likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Sufuria haikukorogwa.

Kwako mwanafunzi

Sasa nakugeukia wewe unayesoma ukurasa huu huku mradi wako wa utafiti ukikusubiri mezani, uwe katika Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Karen au chuo kingine chochote. Bila shaka umekutana na kitabu cha Mugenda na Mugenda, kile kinachonukuliwa kwa ile asilimia 10 hadi 30. Umekutana pia na jedwali la Krejcie na Morgan, lililochapishwa mwaka 1970 katika jarida la vipimo vya elimu na saikolojia.

Jedwali hilo linasema: katika watu 100, chukua 80. Katika 1,000 chukua 278. Katika 10,000 chukua 370. Katika milioni moja chukua 384. Umeona ajabu hiyo? Watu wameongezeka kutoka elfu kumi hadi milioni, na sampuli imeongezeka kwa watu 14 tu. Ni githeri tena. Ikikorogwa vyema, kijiko hakijali kama sufuria ni ya familia au ya harusi. Ndiyo maana kuchukua asilimia fulani bila kufikiri kunaweza kukupotosha. Asilimia 10 ya walimu 60 ni walimu 6, ambao hawatoshi kitu. Asilimia 10 ya wanafunzi 50,000 ni 5,000, nawe utafilisika kwa kuchapisha hojaji.

Lakini usiishike 384 kama hirizi. Idadi hiyo iliwekwa kwa kazi moja: kukadiria asilimia, kwa kosa lisilozidi pointi 5 juu au chini. Ukiwagawa watu wako 384 kwa jinsia mbili na vidato vinne, una makundi manane ya watu 48. Sasa kosa la kila kundi limepanda hadi kama pointi 14 juu au chini. Anza na swali lako na makundi unayotaka kulinganisha, ndipo utafute idadi.

Na mbinu zenyewe? Kila mbinu ina njaa yake. Jaribio la t linavumilia sampuli ndogo. Lilibuniwa na William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha pombe cha Guinness huko Dublin, ambaye hakuwa na shayiri ya kupoteza kwa vipimo vingi. Alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la kupanga, “Student”, yaani Mwanafunzi. Jaribio la kai-skwea nalo hulegea pale visanduku vya jedwali vinapotarajiwa kuwa na watu wasiofika watano.

Ukipima uhusiano wa mambo mawili, kwa mfano saa za kulala na alama za hesabu, mgawo wa uhusiano huenda kutoka -1 hadi 1. Ukiwa na watoto 10, sharti ufike karibu 0.63 ndipo matokeo yahesabiwe kuwa na maana kitakwimu kwa kiwango cha kawaida. Ukiwa na watoto 100, 0.20 yatosha. Ukiwa na 1,000, hata 0.07 itapita, ingawa uhusiano huo hauelezi hata nusu ya asilimia moja ya tofauti za alama. Kwa hivyo sampuli ndogo hushindwa kuona tembo, na sampuli kubwa humwona siafu ikapiga kelele kana kwamba ni tembo. Usiandike tu kwamba matokeo “yana maana”. Eleza ukubwa wake.

Mwaka 1962 mwanasaikolojia Jacob Cohen alipitia makala za jarida moja la fani yake. Aligundua kwamba uwezekano wa tafiti hizo kuona tofauti ya kiasi cha kati, hata kama ipo kweli, ulikuwa chini kidogo ya nusu. Ungerusha shilingi ukapata jibu lile lile! Ili kulinganisha makundi mawili na kuwa na nafasi nane kwa kumi ya kuiona tofauti kama hiyo, unahitaji watu 64 katika kila kundi. Tofauti ikiwa ndogo, unahitaji kama 393 katika kila kundi.

Somo la Busia

Mfano bora kuliko yote uko hapa hapa Kenya. Mwaka 1998 shirika la Kiholanzi la ICS, likishirikiana na watafiti akiwemo Michael Kremer, lilianza kuwapa dawa za minyoo wanafunzi wa Busia. Shule zilikuwa 75, zikagawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza mwaka huo, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Wanafunzi walizidi 30,000.

Sampuli ilikuwa kubwa kiasi gani? Wengi watajibu 30,000. Mtakwimu atakwambia uangalie ile 75. Watoto wa shule moja hucheza mchanga mmoja na kuambukizana minyoo. Mwalimu wao ni mmoja, na mto ukifurika wote hukosa masomo. Kuhesabu kila mtoto kama shahidi anayejitegemea ni kama kuwauliza ndugu sita wa nyumba moja kama baba yao ni mtu mwema, kisha ukadai una mashahidi sita. Ikiwa moja kwa tano ya tofauti za alama hutokana na shule anayosoma mtoto, wanafunzi 40 wa darasa moja wana uzito wa wanafunzi wasiofika 5 waliochaguliwa huku na kule.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa kama robo, ingawa alama za mitihani hazikuonekana kupanda. Mwaka 2009 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo kitaifa. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia hesabu, wakapata dosari, na mabishano yakawa makali. Hivyo ndivyo sayansi inavyofanya kazi. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliotunukiwa Nobel ya uchumi kwa tafiti za namna hiyo.

Huko huko Busia na Teso, chati kubwa za kufundishia ziligawiwa shule 89 kati ya 178. Hesabu za awali, zilizolinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, zilionyesha kwamba chati hupandisha alama. Shule zilipochaguliwa kwa kura, tofauti haikuonekana. Kwa kuwa shule zilikuwa 178, kutoonekana huko kulikuwa jibu. Zingekuwa shule sita, kusingekuwa jibu la lolote.

Maswali ya kubeba

Basi, mzazi mwenzangu, ukifika katika ofisi ya mwalimu mkuu, usitoke bila kuuliza haya. Watahiniwa walikuwa wangapi? Wanafunzi wote wa kidato cha nne walisajiliwa katika kituo hicho, au wanyonge walipelekwa kwingine? Matokeo ya miaka mitano yakoje? Shule yenye watahiniwa wanane kwa mwaka ina arubaini kwa miaka mitano, na kuyumba kwa bahati kunapungua kwa zaidi ya nusu. Kisha uliza: watoto hao waliingia kidato cha kwanza na alama gani? Mwalimu mkuu mwenye shule nzuri hatakasirika. Atafungua faili.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kuandika idadi yoyote, jibu matatu: nataka kuona tofauti ya ukubwa gani, nitalinganisha makundi mangapi, na katika utafiti wangu “mmoja” ni nani: mtoto, darasa au shule?

Shule ndogo ya Karen huenda ikawa ndiyo itakayomfaa mwanao. Huenda mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina na kwa tabia. Ikiwa hivyo, mpeleke kwa sababu hiyo, uliyoiona kwa macho yako. Usimpeleke kwa ajili ya desimali iliyo kwenye bango.